Kuhesabu spishi za mimea kwenye nyanda za nyasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi wa ikolojia, maofisa wa hifadhi na wasimamizi wa malisho wanaotaka kupima mimea ya nyanda za nyasi za Afrika Mashariki, au kuelewa namba wanazosoma kwenye ripoti. Jambo moja litajirudia: idadi ya spishi ikitajwa bila eneo, msimu na juhudi iliyotumika kuzitafuta, haina maana.

Wingi wa spishi na anuwai ya spishi ni kitu kimoja?

Hapana. Wingi wa spishi ni hesabu tupu ya aina ngapi zimeota katika eneo fulani. Anuwai huangalia pia jinsi aina hizo zilivyogawana eneo.

Chukua fremu mbili (miraba ya kupimia inayolazwa juu ya mimea) zenye spishi 5 kila moja. Katika ya kwanza, nyasi iitwayo *Themeda triandra* imeshika asilimia 96 ya ujani wote (eneo lililofunikwa na majani), na nyingine nne zina asilimia moja moja. Katika ya pili kila spishi ina asilimia 20. Wingi ni 5 kote kuwili, lakini hata mtu asiyejua jina la jani lolote ataona kwamba sehemu hizo mbili hazifanani. Kupata kipimo cha Shannon, kimojawapo cha vipimo vya anuwai, chukua uwiano wa kila spishi (0.96, 0.01 na kadhalika), uzidishe kwa logi asilia yake, jumlisha, kisha ondoa alama ya hasi. Fremu ya kwanza inatoa 0.22, ya pili 1.61. Namba hizo zenyewe ni ngumu kuzifikiria, kwa hiyo pandisha *e* (takriban 2.718, msingi wa logi asilia) kwa kipeo hicho: utapata 1.25 na 5. Yaani fremu ya kwanza, kwa upande wa mgawanyo, ni kama ina spishi moja na robo tu.

Hii ndiyo familia ya namba za Hill. Kwenye ripoti toa tatu: wingi wenyewe, Shannon iliyogeuzwa hivyo, na kinyume cha Simpson (1 gawanya kwa jumla ya miraba ya uwiano). Kipimo cha kwanza hukuza spishi adimu, cha mwisho huzitazama zilizotawala. Zote tatu zikishuka pamoja, mabadiliko yameigusa jamii nzima ya mimea. Ukishuka wingi peke yake, tazama kwanza zile adimu, na ukumbuke kwamba huenda hazijatoweka bali zimekosa kuonekana mwaka huo.

Kwa nini ukubwa wa fremu unasisitizwa hivyo?

Kwa sababu eneo likikua, spishi huongezeka, na haziongezeki kwa mstari ulionyooka. Nyanda za nyasi za milimani nchini Argentina zimewahi kutoa spishi 89 ndani ya mita moja ya mraba. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, ina spishi zipatazo 350 kwenye kilomita za mraba zipatazo 413. Huwezi kusema ipi ni tajiri zaidi kwa kulinganisha namba hizo mbili, maana zimepimwa kwenye mizani tofauti kabisa.

Njia salama ni fremu zilizo ndani ya nyingine. Anza na sentimita 10 kwa 10, kisha sentimita 32 kwa 32 (takriban 0.1 ya mita ya mraba), mita 1 kwa 1, mita 3.16 kwa 3.16, na mita 10 kwa 10. Anzia ndogo kwenda kubwa, na kila hatua andika spishi mpya tu. Ukianza na kubwa utakuwa umekanyaga ndogo kabla hujaisoma, na miche ya mimea midogo ndiyo inayoumia kwanza.

Kwa eneo kubwa zaidi kuna ploti (kipande cha ardhi cha kupimia) ya Whittaker iliyorekebishwa: mita 20 kwa 50, ndani yake ploti moja ya mita za mraba 100 katikati, mbili za mita za mraba 10, na kumi za mita ya mraba 1. Inachosha, lakini inanasa spishi adimu ambazo fremu za mita moja huzipita.

Fremu ngapi zinatosha?

Hakuna namba moja inayofaa kila mahali. Soma fremu 10 za majaribio, kisha chora mchoro: mlalo idadi ya fremu, wima jumla ya spishi zilizopatikana. Mstari ukiwa bado unapanda kwa kasi, endelea. Ukianza kulala, umekaribia.

Unaweza pia kukadiria ulizozikosa kwa kipimo cha Chao 2. Tuseme fremu 30 zimetoa spishi 62. Kati ya hizo, 18 zimeonekana kwenye fremu moja tu na 9 kwenye fremu mbili tu. Mraba wa 18 ni 324; ugawanye kwa mara mbili ya 9, yaani 18, unapata 18. Kadirio ni 62 + 18 = 80. Hicho ni kiwango cha chini, si jumla kamili. Spishi zilizoonekana mara moja zikiwa nyingi kuliko theluthi ya orodha yako, usithubutu kuandika kwamba umemaliza kuorodhesha eneo.

Fremu ziwekwe wapi?

Zisirushwe. Mtu akirusha fremu mkono wake huchagua bila yeye kujua: hukwepa miiba na matope, hupenda penye maua. Chora ramani, gawanya eneo kwa aina za udongo na mwinuko, kisha toa viratibu kwa bahati nasibu ndani ya kila sehemu.

Vichuguu na maboma yaliyohamwa vitenge peke yake. Udongo wa boma la zamani hubaki na rutuba ya samadi kwa miongo mingi baada ya wafugaji kuondoka, na nyasi zake ni tofauti na za jirani, mara nyingi aina za ukoka. Fremu tatu zikiangukia hapo kwa bahati, wastani wako wote unapinda. Hali ni hiyo hiyo kwenye kichuguu kikubwa.

Kama utarudi mwakani, weka alama za kudumu. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo haiwezi kukurudisha kwenye fremu ya mita moja. Nondo zinazoonekana hung'olewa na watu wa vyuma chakavu, na tembo nao huzing'oa. Zika kipande kifupi cha nondo kwenye pembe mbili za mshazari, kichwa chake kiwe sentimita chache chini ya udongo, na ukitafute kwa kifaa cha kutambua chuma. Piga picha ya fremu ukiwa umesimama upande uleule kila mara, na andika umbali na uelekeo kutoka kwenye mwamba au mti usiohama.

Asilimia ya ujani inasomwaje bila kubahatisha?

Ndani ya mita moja ya mraba, sentimita 10 kwa 10 ni asilimia moja. Kata kadibodi ya ukubwa huo na nyingine ya sentimita 22 kwa 22, ambayo ni takriban asilimia 5. Zishike juu ya mmea na ujiulize zinaingia ngapi. Kila spishi isomwe kivyake, kana kwamba nyingine hazipo. Kwa kuwa majani hupandana, jumla inaweza kupita 100, na hilo si kosa. Usilazimishe jumla iwe 100.

Wengine hutumia madaraja ya Daubenmire: 0–5, 5–25, 25–50, 50–75, 75–95 na 95–100. Ni ya haraka na wasomaji wawili hukubaliana kirahisi. Ubaya wake ni kwamba spishi iliyopanda kutoka asilimia 6 hadi 24 itaonekana haijabadilika. Kwa ufuatiliaji wa miaka mingi, soma asilimia moja kwa moja.

Kanuni mbili ziandikwe kabla ya siku ya kwanza. Je, mmea wenye mizizi nje lakini majani ndani unahesabiwa? (Kwa wingi wa spishi, wengi huhesabu wenye mizizi ndani tu; kwa ujani, kila kilichofunika.) Na je, miche ambayo haijatambulika inaingia wapi? Kila asubuhi wasomaji wote wasome fremu moja pamoja na walinganishe. Tofauti kati ya wasomaji wawili inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya miaka miwili, na hakuna takwimu itakayoitenganisha baadaye.

Msimu gani unafaa?

Nyasi nyingi hutambulika kwa uhakika zikiwa na masuke, kwa hiyo lenga wiki za mwisho za mvua, ujani ukiwa kileleni. Penye masika na vuli, ziara moja haitoshi. Mimea yenye viazi na vitunguu chini ya ardhi huchanua mvua zinapoanza, mara nyingi kwenye eneo lililoungua, kisha majani yake hupotea kabisa. Atakayefika baadaye ataandika kwamba haipo. Panga ziara mbili na uchukue, kwa kila spishi, asilimia ya juu kati ya hizo mbili.

Ukianza mwezi fulani, baki nao, ila ufuate mvua kuliko kalenda: masika yakichelewa kwa wiki tatu, nawe chelewa.

Nyasi haina suke. Nitaitambuaje?

Anza kwa kuhakikisha kwamba ni nyasi. Viringisha bua kati ya vidole: ndago wengi wana bua la pembe tatu, na ala ya jani imefunga pande zote. Bua la nyasi ni la mviringo au bapa, lina vifundo, na ala yake kwa kawaida imepasuka upande mmoja.

Kisha vuta jani taratibu kutoka kwenye bua na utazame, kwa lenzi ya mara 10, mahali jani linapoachana na ala. Hapo pana ligula: utando mweupe, au safu ya vinywele, au vyote viwili. Kwenye *Cynodon dactylon*, ukoka wa kawaida, ni safu ya vinywele. Fukua kidogo: ukoka huu una vikonyo vinavyotambaa juu na vingine chini ya udongo, ilhali *Cynodon plectostachyus* hutambaa juu tu. Kwenye *Themeda triandra* shina la chini limebanwa kuwa bapa na jani changa hutoka likiwa limekunjwa.

Ukishindwa, usikisie. Ipe jina la muda lenye maelezo, kama "nyasi 07, ligula ya vinywele, shina bapa", chukua sampuli nje ya fremu, na utumie jina hilohilo kwa timu nzima. Kisio lililoandikwa kwa uhakika ni baya kuliko jina la muda, maana hakuna atakayerudi kulihakiki.

Sampuli ya hebaria (mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa) inaandaliwaje?

Chimba mmea mzima, pamoja na mizizi na vikonyo vya chini. Nyasi iliyokatwa juu hupoteza nusu ya sifa zake. Kung'uta udongo, laza ndani ya gazeti, na kama ni ndefu ikunje umbo la V au N. Geuza jani moja lionyeshe upande wa chini. Kaza kwenye kibanio kwa mikanda na ubadilishe magazeti kila siku hadi ikauke. Wakati wa mvua hapa ndipo sampuli nyingi huharibika: magazeti yasipobadilishwa siku ya kwanza na ya pili, kuvu huingia.

Lebo iwe na jina na namba ya mkusanyaji, tarehe, viratibu, mwinuko, aina ya udongo, mimea jirani, kimo, na rangi ya ua, kwa sababu rangi hupotea. Nakala moja ipelekwe kwenye hebaria ya taifa: Nairobi iko Hebaria ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Arusha iko Hebaria ya Taifa ya Tanzania, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makerere vina zao. Ufunguo mkuu wa utambuzi ni Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, iliyoanza kuchapishwa 1952 ikakamilika 2012, yenye spishi zaidi ya 12,000.

Okidi waachwe ardhini. Wote wako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, na wale wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania wamechimbwa sana kwa ajili ya viazi vyao vinavyotengeneza chikanda, chakula cha Zambia. Picha ya ua kwa mbele, kwa ubavu na ya majani inatosha.

Biomasi (uzito wa mimea iliyokaushwa) inapimwaje?

Kata kila kitu kilichosimama ndani ya vipande viwili vya sentimita 10 kwa mita 1, karibu na fremu ya kudumu lakini si ndani yake. Kata usawa wa udongo. Tenga majani ya mwaka huu na makavu ya zamani, kisha tenga nyasi, jamii ya kunde na mimea mingine. Kausha kwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 48, pima hadi sehemu ya mia ya gramu, zidisha kwa 5 upate gramu kwa mita ya mraba. Huna oveni? Anika kwenye mifuko ya karatasi na upime kila siku hadi uzito usibadilike. Mifuko ya plastiki huozesha.

Penye wanyama wanaochunga, unachokata ni mabaki baada ya kuliwa. Ukitaka kujua kilichoota, weka vizimba vya waya vinavyohamishika na uvihamishe kila mwezi.

Je, spishi nyingi huleta malisho mengi?

Kwenye majaribio ya kupandwa, ndiyo, na ushahidi ni mzito. Cedar Creek, jimbo la Minnesota, Marekani, David Tilman na wenzake walipanda mwaka 1994 ploti 168 zenye spishi 1 hadi 16. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha ploti za spishi 16 zikiwa na biomasi mara 2.7 ya zile za spishi moja, na tofauti ilikua kadiri miaka ilivyokwenda. Jena, Ujerumani, jaribio la aina hiyo lilianza 2002 kwa kundi la spishi 60.

Ubishi ulikuwa kuhusu sababu. Ukipanda spishi nyingi, unaongeza pia uwezekano wa kupata ile moja yenye nguvu kuliko zote. Michel Loreau na Andy Hector mwaka 2001 walitoa hesabu ya kutenganisha mambo hayo mawili, na imeonekana kwamba kugawana rasilimali kuna sehemu yake halisi: mizizi ya vina tofauti, na jamii ya kunde inayoleta naitrojeni.

Hata hivyo, usihamishe matokeo hayo moja kwa moja kwenye uwanda wa asili. Kule binadamu alichagua idadi ya spishi, akaweka udongo sawa. Serengeti, mvua na majivu ya volkano ndiyo yanayoamua vyote viwili, spishi na majani. Uhusiano utakaouona hapo unaweza kuwa wa mvua tu.

Mbolea itaongeza spishi?

Itapunguza, karibu kila mahali. Ushahidi wa zamani kuliko wote uko Rothamsted, Uingereza, kwenye jaribio la Park Grass lililoanza 1856. Ploti zisizotiwa kitu bado zina spishi zipatazo 40. Zilizotiwa salfeti ya amonia bila chokaa zimekuwa na udongo chachu (wenye asidi) na kubaki na spishi chache sana. Kinachoua ni kivuli pamoja na uchachu: nyasi refu hunufaika na mbolea, hurefuka, na mimea ya chini hukosa mwanga. Jaribio lililochapishwa 2009 liliwasha taa chini ya majani ya mimea iliyotiwa mbolea, na upotevu wa spishi ukazuilika.

Kuondoa mifugo kunarudisha mimea?

Inategemea mwanga na ukame wa mahali. Matokeo ya 2014 kutoka vituo 40 vya Nutrient Network, mtandao wa kimataifa wa majaribio ya nyanda za nyasi, ambao hutia gramu 10 za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kila moja kwa mita ya mraba kwa mwaka, yalionyesha kwamba walaji majani huokoa spishi pale wanapofungulia mwanga ufike chini. Pasipokuwa na giza la kuondoa, hawaokoi kitu.

Jaribio la karibu nasi ni lile la Mpala, Laikipia, lililoanza 1995: ploti 18 za hekta 4 kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, zenye uzio unaoruhusu au kuzuia ng'ombe, wanyamapori wa kati, na tembo na twiga, kwa michanganyiko sita. Mojawapo ya matokeo yake, ya 2011, linafaa kusomwa na kila anayegombana kuhusu malisho: wakati wa kiangazi wanyamapori hupunguza kunenepa kwa ng'ombe, lakini wakati wa mvua ng'ombe hunenepa zaidi wakichunga pamoja nao. Kwa hiyo utafiti wa msimu mmoja ungetoa jibu la uongo, upande wowote.

Na kupanda miti kwenye uwanda wa nyasi?

Usipande kabla hujaorodhesha. Uwanda wa nyasi wa kale si msitu ulioharibiwa. Mimea yake mingi inaishi miaka mingi kwa viazi na mashina ya chini ya ardhi, na ikishalimwa au kufunikwa na kivuli, hairudi kwa kupanda mbegu tu. Mradi wa miti ukifika kwenye eneo kama hilo, orodha yenye asilimia ya mimea ya viazi na vitunguu ndiyo hoja yenye uzito.

Nina fremu 20 ndani ya uzio na 20 nje. Nina marudio 20?

Una rudio (kipimo huru cha jaribio) moja. Fremu zote za ndani zinashiriki uzio mmoja, na kama eneo hilo lilikuwa tofauti tangu mwanzo, huwezi kujua. Rudio ni uzio, si fremu. Afadhali nyuzio 5 zenye fremu 4 kila moja, na ploti linganishi 5, na zote zisomwe mwaka mmoja kabla ya kufunga. Kwa hesabu, tumia programu ya takwimu ya R, pakiti zake za vegan na iNEXT, na ulinganishe maeneo kwa juhudi ileile.

Magugu vamizi yahesabiwe?

Yahesabiwe, kwa safu yake. Gugu karoti (*Parthenium hysterophorus*) likiingia huongeza wingi kwa moja mwaka wa kwanza, na ripoti isiyotenga itasema hali imeboreka.

Majina yamebadilika. Orodha ya zamani ifanyweje?

Jina la zamani lisifutwe. Ongeza safu ya jina linalokubaliwa sasa. Migunga (*Acacia*) imehamia *Vachellia* na *Senegalia*, *Pennisetum* imeingizwa *Cenchrus*, *Panicum maximum* sasa ni *Megathyrsus maximus*. Mtu akiunganisha orodha mbili bila kusawazisha majina, spishi moja huhesabiwa mara mbili, na wakati huohuo nyingine "hutoweka". Ukiona upotevu mkubwa wa ghafla kwenye data ya miaka mingi, kagua majina kwanza, halafu uende kutazama uwanda.

Vibali vipi vinahitajika?

Tanzania, utafiti huanzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ndani ya maeneo ya wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na mamlaka ya hifadhi husika. Kenya ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na KWS (shirika la wanyamapori) kwenye hifadhi zake. Uganda ni UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) na UWA (mamlaka ya wanyamapori). Kusafirisha sampuli nje ya nchi ni kibali kingine, chenye cheti cha afya ya mimea, na kwa ardhi ya kijiji au ya jamii ya wafugaji ruhusa ya uongozi wao huja kabla ya kigingi cha kwanza. Omba mapema kiasi kwamba kibali kikichelewa, mvua zisikupite: msimu uliokosa kusomwa hubaki pengo kwenye mfululizo wako wa data.